UZI: Oksidesheni na ridaksheni, acha kukariri, fuata elektroni

MfuasiWaElektroni (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za muda huu. Juzi mpwa wangu kanijia na daftari la kemia kakunja sura, swali linasema taja kioksidishaji kwenye riakisheni ya msumari wa chuma na kopa salfeti, yeye kajibu chuma, kapigwa kosa. Namuuliza kwa nini chuma, ananiambia "mjomba, si chuma ndicho kimeoksidishwa, sasa kioksidishaji atakuwa nani mwingine?" Nikacheka halafu nikanyamaza, maana kosa hilohilo nililifanya mimi enzi zangu. Aliyenifundisha alitupa vijisentensi vya kumeza, nikavimeza, siku ya mtihani vikatoka vimegeuka kichwa chini miguu juu.

Basi nikamwambia tuachane na daftari kwanza. Chukua msumari, usugue na msasa mpaka ung'ae, tumbukiza kwenye glasi yenye kopa salfeti, ile chumvi ya bluu. Kaa uangalie usiondoke. Dakika chache tu ile sehemu iliyozama inaanza kuwa kama imepakwa matope ya rangi ya kahawia-nyekundu, ukiupangusa na kidole yanatoka mabaki laini laini, na hiyo sio kutu, hiyo ni shaba yenyewe. Ukiacha muda mrefu bluu ya maji nayo inafifia, inaelekea kijani cha mbali.

Sasa jiulize shaba imetokea wapi na bluu imeenda wapi, hapo ndipo kemia yote ilipo. Ile bluu ni ioni za shaba Cu2+, yaani atomu za shaba zilizopungukiwa elektroni mbili mbili. Chuma kina elektroni na hakizing'ang'anii sana. Shaba ikapokonya mbili, ikawa shaba kamili, ikaganda pale pale juu ya msumari. Atomu ya chuma iliyopokonywa ikawa Fe2+ ikayeyukia kwenye maji.

Fe → Fe2+ + 2e (chuma kimepoteza: oksidesheni)
Cu2+ + 2e → Cu (shaba imepata: ridaksheni)

Nikamuuliza, nani mwizi hapa? Akasema shaba. Nani kaibiwa? Chuma. Basi kaibiwa ndiye kaoksidishwa, mwizi ndiye kioksidishaji. Kiswahili chenyewe kinakubeba ukikisikiliza, mpigwa na mpigaji sio mtu mmoja. Kioksidishaji kinamuoksidisha MWENZAKE, chenyewe kinaondoka na mali kwa hiyo kimeridushwa. Kinyume chake kiridushaji ni yule anayetoa elektroni zake. Dogo akakaa kimya kidogo akasema "kumbe".

Ukitaka ya kukariri basi kariri hii moja tu: Oksidesheni elektroni zinaOndoka, Ridaksheni elektroni zinaRipoti. O kwa O, R kwa R. Na hazitokei moja bila nyingine, elektroni haiachwi inaelea hewani, ikitoka kwa huyu lazima kuna wa kuipokea, ndio maana watu wanaziita kwa jina moja, ridoksi.

Karibuni kwa maswali, nitarudi.

swali_dogo

Mkuu umeeleza vizuri ila kuna kitu kinanikera toka shule. Ridaksheni maana yake si kupunguza? Sasa mbona anayeridushwa ndio anaONGEZEWA elektroni? Hawa watu waliopanga majina walikuwa wanatukomoa au?

MfuasiWaElektroni

Hahaha hawakutukomoa, walipanga majina kabla hawajajua elektroni ipo. Neno ridaksheni ni la wafua madini wa zamani. Unachukua mawe yenye madini unayachoma na makaa, yanatoka chuma, ukipima uzito umepungua sana kuliko mawe uliyoanza nayo, basi wakasema imepunguzwa. Kilichotoka ni oksijeni, kaboni ya makaa imeichukua imeondoka nayo kama gesi. Na oksidesheni ilikuwa kuongeza oksijeni tu basi, mambo ya kina Lavoisier pale Ufaransa kwenye miaka ya 1770 na 1780, alipopima na mizani akaona metali ikiungua hewani uzito unaongezeka, wakati wengi walikuwa wanaamini kitu kikiungua kuna kitu kinatoka ndani yake, wakakiita flojistoni. Mizani ikawaumbua. (Jamaa mwenyewe alikuja kukatwa kichwa 1794 wakati wa mapinduzi, hakukatwa kwa ajili ya kemia lakini, alikuwa mkusanya kodi.)

Elektroni kaja kuigundua J. J. Thomson 1897, zaidi ya miaka mia baadaye. Majina yameshazoeleka, nani atayabadilisha.

Halafu kuna la pili. Elektroni ina chaji hasi kwa sababu Benjamin Franklin huko karne ya 18 alilazimika kuchagua upande upi auite chanya na upi hasi, akachagua tu, ikaja kuonekana baadaye kwamba vinavyotembea kwenye waya ndio vile vya upande wa hasi. Kwa hiyo ukiongezewa elektroni chaji yako INASHUKA. Cu2+ ikipata mbili inashuka kutoka +2 kwenda 0. Ukiangalia namba basi neno kupungua linakaa sawa kabisa. Angalia namba, usiangalie idadi ya elektroni.

Mzee_Chaji

Nimefundisha haya mambo miaka mingi naomba niongeze, na pia nimrekebishe kidogo mwanzisha uzi. Hiyo lugha ya wizi ni nzuri kwa chuma na shaba, au sodiamu na klorini, pale elektroni inahama kweli. Lakini chukua haidrojeni ikiungua na oksijeni tukapata maji. Hapo hakuna aliyeibiwa moja kwa moja, elektroni zinachangiwa, tena oksijeni inazivuta upande wake zaidi. Je haidrojeni imeoksidishwa? Imeoksidishwa. Sasa mwanafunzi akitafuta ioni ya haidrojeni ndani ya molekuli ya maji ataitafuta mpaka jioni.

MfuasiWaElektroni

Shikamoo mwalimu, umenikamata. Hapo ndipo inapoingia namba ya oksidesheni, na hii watu wengi wanaisoma kama vile ni chaji ya kweli, sio. Ni uhasibu. Unasema tujifanye elektroni zote za kifungo, yaani zile zinazochangiwa, amepewa yule mwenye mvuto mkubwa, halafu kila mtu anabaki na chaji gani? Kwenye maji oksijeni inapewa zote inakuwa -2, kila haidrojeni inabaki +1. Ukijumlisha unapata 0, hesabu imefunga. Elementi ikiwa peke yake ni 0 siku zote. Ioni ya atomu moja namba yake ndio chaji yake. Haidrojeni kwa kawaida +1, oksijeni kwa kawaida -2, wengine unawatafuta kwa kujumlisha.

Neno "kwa kawaida" lina kazi yake. Kwenye haidrojeni paroksaidi H2O2, oksijeni mbili zimeshikana zenyewe kwa zenyewe, wenye mvuto sawa hawawezi kunyang'anyana, kwa hiyo kila moja ni -1. Na kwa sababu -1 ipo katikati ya 0 na -2, inaweza kwenda kokote. Ndiyo maana ukiiacha kwenye chupa inajivunja yenyewe:

2H2O2 → 2H2O + O2

Nusu ya oksijeni imeshuka ikawa -2 kwenye maji, nusu imepanda ikawa 0 imetoka kama gesi. Kitu kimoja kimejiibia chenyewe. Ukiimimina kwenye kidonda yale mapovu meupe ndio hayo, kuna kimeng'enya kwenye damu kinaiharakisha. Mimi nilivyoelewa hii siku ya kwanza nililala na furaha, nacheka peke yangu.

Bi_Maabara

Kwa kuwa mmegusa vitu vya nyumbani naomba nipitishe onyo kabla uzi haujaenda mbali. Kuna dada tulikuwa tunafanya naye kazi, kausafisha choo na dawa yenye asidi ya haidrokloriki, akaona haijatakata, akamwagia bleach juu yake. Alitoka pale anakohoa machozi yanamtoka, kifua kinambana, siku nzima hakukaa sawa. Hiyo ni ridoksi wakuu. Kwenye bleach kuna klorini ya +1, kwenye ile asidi kuna klorini ya -1, zikikutana zinasuluhishwa katikati kwenye 0:

ClO- + Cl- + 2H+ → Cl2 + H2O

Na Cl2 ni ile gesi iliyotumika vitani kule Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915. Msichanganye madawa ya usafi, hata kama yote yameandikwa yanaua bakteria.

swali_dogo

Duh Bi_Maabara umenitisha, mimi hiyo nimeshaifanya na nikadhani ndio dawa inafanya kazi 😅

Sawa sasa mimi namba nimezielewa, kinachonishinda ni kubalansi, yaani kufanya atomu na chaji zilingane kushoto na kulia. Nikikuta pamanganeti na chuma naona giza. Nabalansi atomu zinakubali chaji zinagoma, nikirekebisha chaji atomu zinavurugika.

MfuasiWaElektroni

Tatizo unataka kuibalansi nzima nzima. Ikate vipande viwili, kila mtu na kesi yake.

Kesi ya pamanganeti. MnO4- ina chaji -1, oksijeni nne ni -8, kwa hiyo Mn (manganizi) ni +7, yaani kapungukiwa saba, huyo ana njaa kweli kweli. Kwenye asidi anaishia Mn2+. Kutoka +7 mpaka +2 kashuka ngazi tano, kwa hiyo kapokea elektroni tano. Zile oksijeni nne zinaenda wapi? Zinakuwa maji, maji manne yanataka haidrojeni nane, na haidrojeni zipo tele kwenye asidi:

MnO4- + 8H+ + 5e → Mn2+ + 4H2O

Pima chaji. Kushoto -1 +8 -5 = +2. Kulia +2. Imekubali.

Kesi ya chuma ni fupi: Fe2+ → Fe3+ + e. Kila chuma kinatoa moja tu. Mmoja anataka tano mwingine anatoa moja, basi utahitaji vyuma vitano kumshibisha pamanganeti mmoja:

MnO4- + 5Fe2+ + 8H+ → Mn2+ + 5Fe3+ + 4H2O

Chaji kushoto -1 +10 +8 = 17. Kulia 2 + 15 = 17. Umeona ile 5 haijatoka hewani, wala hukuijaribisha jaribisha namba mpaka ikakubali.

Na ukiifanya kwa mkono na bureti, ule mrija wa kupimia wenye koki chini, ni raha nyingine. Pamanganeti ni zambarau nzito, unaidondoshea kwenye maji ya chuma, kila tone likigusa linapotea rangi, linapotea, unatikisa, linapotea, mpaka linakuja tone moja halipotei, maji yote yanabaki na waridi ya mbali sana. Funga koki hapo hapo. Hilo tone limekosa wa kumwibia. Huhitaji kiashiria, mwizi mwenyewe ndio kiashiria.

kutu_kavu

Mimi nabisha kitu kimoja. Tulifundishwa kwamba kati ya zile ncha mbili za umeme, oksidesheni inafanyika kwenye anodi na ridaksheni kwenye kathodi. Kwenye elektrolisisi, pale unapolazimisha riakisheni kwa umeme wa nje, sawa, anodi ni chanya inavuta elektroni. Lakini kwenye betri upande unaotoa elektroni ni HASI. Kwa hiyo kwenye betri oksidesheni ipo kathodi. Hili hata vitabu vinajichanganya.

Mzee_Chaji

Hapana kijana wangu, vitabu havijichanganyi, wewe umeshikilia alama badala ya kazi. Anodi sio jina la chanya wala hasi. Anodi ni pale oksidesheni inapofanyika, basi, popote pale. Kwenye betri zinki inatoa elektroni yenyewe kwa hiari, zinarundikana hapo, upande huo unasomeka hasi, na ndio anodi. Kwenye elektrolisisi umeme wa nje unazichomoa elektroni kwa lazima, upande huo umeungwa na chanya ya chanzo, nao pia ndio anodi. Alama imegeuka, kazi ni ileile. Majina haya yaliingia na Faraday mwaka 1834.

Nawapaga wanafunzi wangu hii: Anodi na Oksidesheni zote zinaanza na irabu. Kathodi na Ridaksheni zote zinaanza na konsonanti. Irabu kwa irabu, konsonanti kwa konsonanti.

kutu_kavu

Mzee betri ya simu je? Ukiichaji si zinabadilishana?

Mzee_Chaji

Kikemia ndiyo, zinabadilishana kila ukichomeka chaja. Ila watu wa betri za lithiamu wamezoea kuuita upande wa hasi anodi muda wote, iwe inachaji au inatumika, kwa kufuata hali ya kutumika. Hapo ni mazoea ya kazi, kwenye mtihani usiyalete.

kutu_kavu

Nimekubali. Nimeshindwa kihalali.

FundiMeli

Mimi sio msomi wa kemia ila naona mnaongelea kazi yangu bila kujua. Sisi meli ikipandishwa juu unakuta tumefunga vipande vya zinki chini ya maji, kwenye bodi ya chuma, karibu na pangaboi. Ukirudi baada ya muda zile zinki zimeliwa zimetoboka toboka kama sponji, nyingine imebaki boliti tu, lakini chuma kizima. Tunaziita zinki za kuliwa. Hapo nani kamwibia nani?

MfuasiWaElektroni

Mkuu wewe ndio umeleta mfano bora kuliko yote humu. Mwizi ni oksijeni iliyoyeyuka kwenye maji, huyo ndio mwizi mkuu wa dunia hii. Inataka elektroni:

O2 + 2H2O + 4e → 4OH-

Chuma peke yake kingetoa na kuoza. Lakini zinki inatoa kirahisi zaidi, kwenye jedwali la volti chuma ni -0.44 na zinki ni -0.76, shaba ni +0.34. Aliye chini zaidi ndiye anayetoa kwanza. Zinki ikiwa imegusana na chuma elektroni zinapita toka zinki kuingia kwenye chuma, oksijeni inakuja kuiba kwenye uso wa chuma inakuta zinazotolewa ni za zinki. Chuma kinakaa tu kama mlango, mali ya ndani sio yake. Na maji ya chumvi yanafanya ioni zitembee vizuri ndio maana baharini mambo yanaenda kasi.

Tofauti ya hizo namba ndio volti ya betri pia. Zinki na shaba, 0.34 toa -0.76 unapata volti 1.10, ndio seli aliyotengeneza Daniell 1836.

Kuna kisa kinachekesha kidogo. Zamani meli za mbao za jeshi la Uingereza zilivishwa mabati ya shaba chini, shaba ikawa inaliwa na bahari, wakamwita Humphry Davy. Mwaka 1824 akaja na wazo la kufunga vipande vya zinki au chuma kwenye shaba. Kikemia alipatia kabisa, shaba ikaacha kuliwa. Lakini kumbe ile shaba ilipokuwa inayeyuka kidogo kidogo ndio ilikuwa sumu inayofukuza magugu na viumbe vya magamba visigande. Shaba ikapona, meli ikaota msitu chini, mwendo ukashuka, mpango ukaachwa. Elektroni alizihesabu sawasawa, kombe za baharini akazisahau.

Bi_Maabara

Na kinyume chake ni Sanamu ya Uhuru kule New York. Nje ni ngozi ya shaba, ndani mifupa ya chuma, waliweka kitambaa cha asbesto kilicholowekwa shelaki (aina ya vanishi) kati yao ili zisigusane. Kikachakaa, maji ya mvua na hewa ya bahari yakaingia, chuma ndio kikawa kinaliwa badala ya shaba. Kilivyokuwa kinaota kutu kinavimba kinasukuma ngozi. Kufikia 1986 zile mbavu za chuma zinazoshika ngozi zikawa zimebadilishwa zikawekwa za chuma cha pua.

swali_dogo

Sasa ninyi mnasema oksijeni inaoksidisha chuma, na kwenye damu kuna chuma na kinabeba oksijeni kila dakika. Mbona hatuoti kutu ndani?

Bi_Maabara

Swali zuri kuliko jina lako. Kubeba sio kuibiwa. Chuma cha himoglobini ni Fe2+, kimekaa ndani ya mfuko wa protini, oksijeni inakuja inajishikiza, ikifika kwenye tishu inaachia, na chuma kinarudi Fe2+ kama kilivyokuwa. Hiyo tunaiita oksijenesheni, sio oksidesheni, maneno yanafanana ndio maana yanachanganya. Ila ajali huwa zinatokea, kidogo kila siku chuma kinaibiwa kweli kinakuwa Fe3+, hapo inaitwa methemoglobini na hiyo haibebi oksijeni. Mwili una vimeng'enya vya kurudisha elektroni. Ikizidi mgonjwa anakuwa wa bluu-bluu midomoni na damu yake ina rangi ya chokoleti, hospitali wanaweza kumpa methilini bluu, ambayo mwilini inaridushwa kwanza halafu inaenda kukabidhi elektroni kwa chuma.

swali_dogo

Sawa nimejipima mwenyewe na daikromati, msinisaidie mpaka nimalize. Cr2O7 ina chaji -2, oksijeni saba ni -14, kwa hiyo Cr (chrome) mbili ni +12, kila moja +6. Inaishia Cr3+. Kila moja kashuka tatu kwa hiyo kapokea elektroni 3. Maji saba, H+ kumi na nne:

Cr2O7 2- + 14H+ + 3e → 2Cr3+ + 7H2O

Sawa?

Mzee_Chaji

Pima chaji kijana. Kushoto ngapi, kulia ngapi.

swali_dogo

Kushoto -2 +14 -3 = +9. Kulia +6. Haijafunga.

Ngoja.

Chrome ziko MBILI. Kila moja tatu. Ni elektroni 6. -2 +14 -6 = +6. Imefunga!! Na kwa chuma nitahitaji Fe2+ sita.

MfuasiWaElektroni

Mpwa wangu hapa pembeni amekodoa macho kwenye simu, anauliza rangi inatoka ipi kwenda ipi.

swali_dogo

Mwambie inaanza chungwa inaishia kijani. Na kioksidishaji ni daikromati, asije akaandika chuma tena 😂